Mke wa Rais wa Kostavina

Kazi ya Raudha ilikuwa kutusomea dunia. Sisi wengine kumi na wanne tulibangua korosho, yeye alisoma. Ukimwambia mtu wa Nachingwea mjini kwamba Chiola kuna kikundi cha wanawake chenye msomaji wake wa habari, atadhani tumepata mfadhili. Hatukupata mfadhili. Tulipata mafuta.

Ganda la korosho lina mafuta meusi, makali, na yakikugusa yanakula ngozi kama yana kisasi na wewe. Tunajipaka majivu, tunavaa glovu mpaka zinatoboka, na bado mikono inafanana na ya mtu aliyefukua tanuru la mkaa. Mikono ya namna hiyo haishiki simu. Simu ya kwanza kufia bandani ilikuwa yangu, na fundi wa mjini aliponirudishia aliishika kwa karatasi. Kwa hiyo tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni mashine zinagonga ko, ko, ko, simu zimelala kwenye ndoo juu ya rafu, na dunia inaendelea bila sisi.

Raudha alikuwa mbanguaji kama sisi, tena mwepesi. Msimu wa juzi mikono yake ikaikataa kazi. Haikuwa kuungua kwa kawaida. Ilivimba, ikachubuka mpaka nyama ikaonekana, na muuguzi akamwambia akigusa ganda tena asije kulia kwake. Nyumbani ana mama mgonjwa wa miguu na binti wa darasa la pili. Shamba hana. Siku aliyokuja kurudisha aproni alikaa kwenye kigoda kumngoja mwenyekiti, na katika kungoja akatoa simu, akaanza kusoma kwa sauti habari za meli kubwa zinazozunguka Afrika nzima kwa kuogopa makombora ya Bahari ya Shamu. Mashine hazikusimama, ila ziligonga taratibu. Mwenyekiti wetu, Hadija, akatokea mlangoni kuipokea aproni ile, akasikiliza, akasema, "Malizia. Zimefika wapi?"

Raudha hakuondoka kwenye kigoda kile tangu siku hiyo.

Malipo yake yalikuwa bakuli. Ikikaribia saa kumi, kabla ya kupima, bakuli la bati linapita kutoka mashine hadi mashine, na kila mmoja anatia kiganja cha korosho alizobangua. Sharti aliliweka Hadija: siku isiyosomwa, bakuli halipiti. Na kigoda kikikaa siku tatu bila kusoma, kinatolewa, pale inawekwa mashine, kwa sababu wapo wanawake saba walioandikisha majina wanangoja nafasi. Hadija si mkali. Ni mtu mwenye wanawake saba wanaopita kwake kila asubuhi kumsalimia.

Mimi ni Saada, mashine ya tatu kutoka mlangoni. Ukoo wangu na ukoo wa Raudha ni watani, kwa hiyo naweza kumwambia lolote na hana ruhusa ya kukasirika, na yeye hali kadhalika. Nimeolewa mara tatu, nimeachika mara tatu, na mikorosho yangu iliondoka na moto wa watu waliokuwa wanawinda panya. Nikabaki na kucheka, maana ndicho kitu ambacho hakuna aliyekuja kukibeba.

Kusoma kwa Raudha hakukuwa kusoma kwa redioni. Alisoma kwa Kiswahili, akageuza kwa Kimwera kwa ajili ya mabibi wawili wa mashine za nyuma, kisha akajibu maswali, na maswali ndiyo yaliyokuwa kazi.

"Wezi wameingia jumba la makumbusho huko Paris," alituambia mwezi wa kumi. "Asubuhi, watu wapo. Wamepanda kwa gari lenye ngazi, wamekata dirisha, wamechukua vito vya malkia wa zamani, wakashuka. Dakika chache tu. Taji moja limewaponyoka njiani."

"Walinzi walikuwa wapi?" Hadija akauliza.

"Walikuwepo."

"Basi ni ndugu zake mume wangu wa pili," nikasema. "Naye alikuwepo."

Siku nyingine ikawa Japani. "Wamepata waziri mkuu mwanamke, wa kwanza."

"Ana mume?"

"Anaye."

"Nani anampikia huyo mume?"

Raudha akapitisha kidole kwenye kioo, juu na chini. "Haijaandikwa."

"Hiyo ndiyo habari sasa," akasema Hadija, "na ndiyo hawakuiandika."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaipata dunia: vita, ushuru wa Marekani, mafuriko, nani kaanguka na nani kapanda, yote yanapitia mdomo wa mtu mmoja mwenye mikono mibovu.

Kisha ikaja wiki ya uchaguzi. Jumatano hatukubangua. Alhamisi tulipofungua banda, mtandao haukuwepo nchi nzima. Sababu zake si kazi yangu kuzieleza, mimi ni mbanguaji. Redio ya Hadija ilikuwa imekufa tangu masika. Raudha alikaa kwenye kigoda na simu yake, akaiinua juu, akaisogeza dirishani, akatoka nayo nje akaizunguka mikorosho miwili, akarudi.

"Hamna," akasema.

Tulibangua kimya. Saa kumi ikafika, bakuli halikupita. Ijumaa ikawa hivyo hivyo. Wakati wa kufunga Hadija alikuwa anafagia maganda, akasema bila kuinua kichwa, "Kesho ni ya tatu, Raudha."

"Najua, mama."

"Kama si mimi, ni hao saba."

"Najua."

Jumamosi alikuja na uso wa mtu aliyelala vizuri. Akakaa, akatoa simu, akakohoa.

"Umepata mtandao?" nikamuuliza.

"Kidogo. Unakuja na kuondoka." Akaisogeza simu karibu na uso. "Kutoka Kostavina."

"Iko wapi hiyo?"

"Ukishaipita Urusi."

"Ina Waislamu?"

"Wachache."

"Endelea."

Akaendelea. Rais wa Kostavina, bwana mmoja anaitwa Petrovani, ametangaza kwenye televisheni kwamba amemwacha mkewe, Mama Irena, baada ya miaka ishirini na nane ya ndoa. Amempa siku tatu atoke Ikulu, maana kuna mke mwingine anakuja, tena mdogo. Mama Irena amekataa. Amejifungia jikoni na funguo zote. Mawaziri wamekuja kwenye kikao, hawakupewa hata chai.

Mashine zilisimama. Nasema zilisimama, na korosho za moto zikiwa kwenye ungo. Jambo hilo halikutokea hata kwa vita.

"Hebu kwanza," akasema Hadija. "Hiyo Ikulu imejengwa kwa nani? Kwa ukoo wa mume au kwa ukoo wa mke?"

Hilo ndilo swali letu la kwanza katika ndoa yoyote. Kwetu mwanamume akioa ndiye anayehamia. Anajenga kwenye kiwanja cha mama mkwe, na ndoa ikifa, yeye ndiye anayefunga mkeka wake na kurudi alikotoka. Siku hizi wapo wanaofanya vingine, hasa wenye mabati na maneno mengi, lakini swali ni lile lile.

Raudha aliitazama simu kwa muda mrefu kidogo.

"Kiwanja," akasema, "kilikuwa cha mama yake Irena."

Banda zima likapiga kelele. "Basi afunge mkeka huyo!" "Rais gani anakaa ukweni halafu anafukuza mwenye kwao?" Mabibi wa nyuma walipogeuziwa kwa Kimwera, mmoja alisimama kabisa, akapiga makofi mawili, akakaa. Saa kumi bakuli lilipita na kurudi limefurika. Raudha alilifunika kwa kanga mbili.

Kabla ya hapo, akiwa bado anasoma, mimi nilikuwa nimekwenda kunywa maji. Ndoo ya maji iko nyuma ya kigoda chake. Nikainama na kikombe, nikakiona kioo cha simu. Kulikuwa na kikokotoo. Kimeandika sifuri.

Nikamwinamia sikioni. "Mtani, hicho kikokotoo kinasoma vizuri."

Hakugeuka. "Mtani, nitukane nyumbani. Hapa niache."

Nikanyamaza. Nisijifanye mtu mwema: nilinyamaza kwa sababu nilitaka kujua Irena atafanyaje.

Jumatatu wake za mawaziri walijiunga na Irena, kila mmoja akafunga jiko lake. Jumanne mtandao ulikuwa umerudi, na Raudha akajaribu kuachana na Kostavina. Alituanzia na Marekani. Hakufika mbali.

"Marekani ipo tu," akasema Hadija. "Yule mama katoka au hajatoka?"

"Hajatoka. Nitawaambia wakishaandika."

Hapo ndipo ilipotoka sauti ya mashine ya mwisho. Bi Sabaha ni mtu wa miaka hamsini na kitu, habangui kwa haraka wala hazungumzi. Miaka miwili ya kusomewa sikuwahi kumsikia akiuliza swali.

"Huyo Irena," akasema, "serikali ya kwao imemwambiaje?"

Raudha alikuwa na habari halisi za dunia nzima mkononi. Akaziangalia, akazipita.

"Baraza la wazee wa nchi limekaa. Limeamua rais aondoke na nguo zake. Nyumba ibaki kwa mwanamke."

"Limeandika?"

"Limeandika."

"Na muhuri?"

"Na muhuri."

Bi Sabaha akachota majivu, akajipaka vidole kimoja kimoja, akaendelea kubangua.

Hatukujua kwamba nyumbani kwake kulikuwa na bunda la nguo limefungwa tayari. Mumewe, Jumaa, mtu wa Chinongwe kule Ruangwa, alikuwa amempa talaka wiki ileile ambayo nchi ilikuwa na mambo mengine. Akamwambia aende kwa kaka yake Nambilanje, maana yeye analeta mke. Jioni ya Jumanne Bi Sabaha alilifungua lile bunda, akarudisha kila kitu mahali pake, sufuria kwenye kichanja, kanga kwenye kamba. Jumaa aliporudi akamkuta anasonga ugali wa mtu mmoja. Kesho yake akaenda kushtaki ofisi ya kata kwamba mwanamke aliyeachwa amekataa kutoka. Wakapangiwa kusuluhishwa Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Bi Sabaha alituambia yote haya bandani kwa sentensi tano.

"Utashinda tu," nikamwambia. "Kiwanja ni cha mama yako, kila mtu anajua."

"Kila mtu wa hapa," akasema. "Mtendaji wetu ni mtu wa Bukoba. Kwao mwanamke ndiye anayebeba bunda. Nikimwambia mila ya Wamwera ataandika neno 'mila', kisha atafunika daftari. Hawa watu wa serikali ukiwatajia jambo la nje ndipo wanakaa sawasawa kwenye kiti. Nitamtajia Kostavina. Kama rais ameondoka na nguo zake, Jumaa ni nani?" Akageukia kigoda. "Raudha atakuja na simu yake, aisome mbele yao."

Wote tukaiona hoja ni nzuri. Mimi pia niliiona ni nzuri, nikiwa najua ninachojua. Hadija akatangaza kwamba Alhamisi hatubangui, tunakwenda wote. Raudha alifungua mdomo, akasoma bei ya ngano.

Jumatano ya kuamkia siku hiyo Raudha alikuja kwangu baada ya kazi. Nilikuwa nachambua mbaazi barazani. Akakaa, akaanza kuchambua na yeye, kwa ncha za vidole, kama mtu anayeokota sindano.

"Mtani, nimekwisha."

"Bado. Waliokwisha hawaharibu mbaazi za watu. Hiyo nzima umeitupa."

"Nikisema ipo, mtendaji ana simu kubwa kuliko yangu, ataitafuta. Nikisema haipo, kigoda kimekwenda. Hakuna atakayemsikiliza tena msomaji aliyesoma sifuri."

"Kuna njia ya tatu. Uumwe."

"Nimeshafikiria. Bi Sabaha amesema nikiumwa atanibeba mgongoni."

Tukacheka, kisha tukaacha.

"Wewe ungefanyaje?" akaniuliza.

"Mimi niliposema kweli niliachwa, na niliposema uongo niliachwa. Usiniulize mimi."

Akachambua mbaazi zake mpaka ungo ukaisha, akasimama, akajikung'uta. "Bakuli la Jumamosi," akasema, "mama alikula korosho akalala bila kuuliza kesho tunakula nini." Akaondoka.

Ofisi ya kata ina mabenchi manne. Sisi tulijaza matatu. Mtendaji, Bwana Dunstan, kijana nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni, alikaa mezani na wajumbe wawili. Mmoja alikuwa Mzee Masoudi, mtu wa hapahapa, aliyekuwa anachokonoa meno kwa kijiti tangu tulipoingia.

Jumaa alizungumza kwanza, na alizungumza vizuri. Nyumba ameiezeka yeye. Dirisha la mbele ni yeye. Talaka ameitoa mbele ya mashahidi. Anataka haki yake. Akakaa, akanyoosha kanzu.

"Mama, karibu," Dunstan akamwambia Bi Sabaha.

Bi Sabaha akasimama. "Mheshimiwa mtendaji, mimi sina maneno mengi. Kuna nchi inaitwa Kostavina."

Kalamu ya Dunstan ikasimama hewani. "Inaitwaje?"

"Kostavina. Ukishaipita Urusi. Rais wa huko alimwacha mkewe, akamwambia toka. Baraza la nchi likakaa, likaamua atoke yeye na nguo zake. Limeandika, na muhuri upo. Mimi ninaomba serikali ya Tanzania isipitwe na serikali ya huko." Akanyoosha mkono kuelekea benchi letu. "Habari hiyo ipo kwenye simu. Msomaji wetu huyu hapa."

Nasema kweli, ilisikika kama sheria. Hata Jumaa aliacha kunyoosha kanzu.

Dunstan akatoa simu yake. "Dada, simama tafadhali. Jina la nchi ni lipi vizuri? Kosta…"

"Vina," akasema Raudha.

Akaandika. Mtandao wa Chiola kwa mchana ni wa kubembeleza. Tukiwa benchi la mbele tulikiona kile kiduara kinazunguka kwenye kioo, kinazunguka, na Dunstan ameinua simu kidogo kuelekea dirishani. Raudha alikuwa anakitazama kiduara kile. Kisha akamtazama Bi Sabaha, ambaye hakuwa anatazama simu wala mtendaji. Alikuwa amekaa, mikono mapajani, ametulia kama mtu aliyeshalipa nauli.

"Mheshimiwa," akasema Raudha, "usihangaike. Haipo."

"Habari imefutwa?"

"Nchi. Nchi yenyewe haipo. Mtandao ulikuwa umezimwa, na mimi nisiposoma sipewi. Niliitunga. Rais nilimtunga, Irena nilimtunga, na baraza nililitunga siku ambayo mtandao ulikuwa umesharudi, ili niwafurahishe. Bi Sabaha hana kosa. Alichosema hapa ni kile nilichomsomea."

Kiduara kikamaliza kuzunguka, na simu ikakubaliana naye.

Jumaa alicheka mpaka akashika benchi. Alicheka peke yake. Sisi hatukucheka, na mimi pia sikucheka. Hadija alikuwa amegeuka mzima mzima kumtazama Raudha. Akanitazama na mimi, akaona ninavyotazama chini, akaelewa na hilo pia.

Dunstan akaweka simu kifudifudi. Sauti yake ilikuwa ya upole kuliko nilivyotarajia. "Mama Sabaha. Tukimwondoa rais, umebaki na nini?"

Bi Sabaha alisimama tena. Ilimchukua muda. "Kaburi la mama yangu liko nyuma ya jiko," akasema. "Na la mama yake liko mbele kidogo. Sina kingine."

Mzee Masoudi akatoa kijiti mdomoni.

"Bwana Jumaa, ulipokuja Chiola ulikuja na nini?"

"Nilikuja na baiskeli, mzee."

"Iko wapi?"

"Ilikufa."

"Pole. Kiwanja ulipewa na nani?"

"Na mama mkwe."

"Alikupa wewe, au alimpa mwanawe?"

Jumaa akatazama dari. "Alisema tujenge."

"Tujenge. Alikuonyesha na pa kuzikwa?"

Benchi letu likaanza kuguna kwa pamoja, sauti ndogo ya kooni.

"Kwetu Bukoba, mzee," akaanza Dunstan, "utaratibu…"

"Mtendaji, tukija kwenu tutafuata ya kwenu."

Dunstan akacheka, akakubali, na kumbe alikuwa anaandika muda wote. Aliandika ukurasa mzima. Walivyosuluhishwa ni hivi: nyumba ibaki kwa mwanamke, maana kwa Jumaa pale ni ukweni, na Jumaa achukue nguo zake na yale mabati ya kibaraza aliyoyaweka mwaka jana, kwa sharti kwamba atapanda kuyang'oa mwenyewe. Jumaa alipoambiwa atie sahihi aliuliza kama anaweza kufikiria. Mzee Masoudi akamwambia afikirie akiwa ameshika kalamu.

Kurudi, tulitembea kwa mstari kando ya barabara ya vumbi. Kwa kawaida mstari wa namna ile una kelele. Raudha alikuwa wa mwisho, na hakuna aliyepunguza mwendo kumngoja. Mbele ya banda Bi Sabaha akasimama mpaka Raudha akamfikia.

"Umenifanya nimtaje mbele ya serikali rais ambaye hajazaliwa."

"Nisamehe, mama."

"Nyumba nimepata. Lakini pale ofisini kulikuwa na watu wa sokoni, na mimi nitaitwa Mama Irena mpaka ninakufa." Akaenda zake.

Hadija alikuwa anafungua kufuli la banda kuangalia kama korosho zimekauka. "Kesho njoo," akamwambia Raudha. "Usipokuja nitajua umejihukumu mwenyewe. Ukija, watakuhukumu wenzako."

Alikuja. Tulipofika saa mbili alikuwa ameshafagia na amekaa. Nje ya banda walikuwapo wawili kati ya wale saba, wamekuja kumsalimia Hadija mapema. Chiola habari haihitaji mtandao.

"Nina habari za siku zile ambazo hatukuzipata, na zile tulizozipita kwa ajili ya Irena," akasema Raudha. "Zimechacha, lakini ni za kweli. Atakayetaka kuhakikisha, simu hii hapa." Akasoma. Kimbunga kikubwa kimeipiga Jamaika, paa zimeondoka, maelfu hawana pa kulala. Misri wamefungua jumba kubwa la makumbusho karibu na mapiramidi. New York wamechagua meya mpya, kijana, Muislamu, kazaliwa Kampala.

"Kampala hii?" akauliza Hadija.

"Hii ya Uganda."

Kisha mashine zikaendelea, ko, ko, ko, na hakuna aliyeuliza kingine. Alisoma mpaka sauti ikakwaruza. Aligeuza kila kitu kwa Kimwera kwa ajili ya mabibi wa nyuma, nao wakasikiliza kwa adabu, kama watu waliokwenda kumwona mgonjwa wa mtu mwingine. Mimi nilitafuta la kusema kuhusu yule meya, nikalipata, nikaliacha.

Ikafika saa kumi kasoro. Raudha hakuligusa bakuli. Lilikuwa chini, kando ya kigoda, na alikuwa anazikunja nyaya za chaja yake taratibu sana.

Hadija ndiye aliyelichukua. Akaenda nalo kwenye mashine yake, akaweka mkono kwenye ungo. Korosho inayotoka nzima ndiyo inayouzwa. Ikivunjika ni kipande, na siku zote tulikuwa tunamtilia Raudha nzima. Hadija akachagua. Nilimwona anachagua. Akatia kiganja cha vipande, akampa wa pili. Wa pili akatazama ndani ya bakuli, akarudisha nzima alizokuwa ameshika, akatia vipande. Hatukuwa tumekubaliana. Likaja kwangu, nikatia vipande, nikataka kulipitisha.

"Wewe uliyejua," akasema Hadija kutoka mashine yake, "tia mara mbili. Za pili ziwe nzima."

Nikatia nzima. Ziliniuma, sitaki kudanganya.

Likazunguka mpaka kwa Bi Sabaha. Yeye alilishika kwa muda, magotini. "Haya ya leo yalikuwa ya kweli yote?" akauliza.

"Yote, mama."

"Hayakuwa matamu."

"Hayakuwa."

Bi Sabaha akatia vipande, kiganja kilichojaa, akalisukuma mbele. Lilipomfikia Raudha lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, vipande vitupu na zile zangu chache zikielea juu. Alilitazama. Nilidhani atalia, kisha nikadhani atacheka, na hakufanya lolote kati ya hayo. Akalifunika kwa kanga, akaliweka kichwani, akauliza kesho tunaanza saa ngapi.

"Saa mbili," akasema Hadija, akaenda mlangoni kuwaambia wale wawili warudi nyumbani.